Mwali wa Kijani Chini ya Kiyoyozi

Shangazi yangu alifanya kazi ya kuunganisha simu enzi zile ambapo hukuweza kuzungumza na mtu wa mbali bila kupitia kwa mtu wa kati. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu, nyaya mkononi, akisema, "Subiri kidogo, nakuunganisha," kwa sauti iliyowafanya wanaume wazima wasahau walichotaka kusema. Jina la Subiri likamganda. Ubao ule uling'olewa ukauzwa kama chuma chakavu, yeye mwenyewe akastaafu, na bado wauza mboga wakamwita Bi Subiri. Sisi watoto wa kaka yake tukamwita Shangazi Subiri, naye akaitika bila kinyongo.

Mume alimpata hukohuko kwenye waya. Alikuwa fundi wa viyoyozi aliyepiga simu kila uchao kuulizia vipuri ambavyo, kama ilivyokuja kujulikana, alikuwa navyo tayari. Mtaa ulimwita Baridi, kwa kazi yake na kwa tabia yake, maana sikuwahi kumwona amepandisha sauti. Hawakujaliwa mtoto. Mama yangu alipofariki wakanichukua mimi, wakanilea katika nyumba ambayo kila kona ilikuwa na kipande cha bomba la shaba.

Baridi alikuwa na mazoea yake. Kabla ya kuunga bomba lolote, alilipuliza kwa mdomo kama mtu wa tarumbeta, taka za shaba zikaruka upande wa pili, kisha akasema, "Sasa lina roho." Mwenzake wa kazi, mrefu mwembamba ambaye kila mtu anamwita Fundi Koleo, hakuwahi kulinyamazia jambo hilo.

"Roho gani? Mate hayo," alikuwa akisema. "Unatia unyevu kwenye mashine ya watu. Bomba linasafishwa kwa nitrojeni."

"Nitrojeni inauzwa," Baridi alijibu. "Mdomo nimepewa bure."

Walibishana hivyo tangu nikiwa na meno ya utoto mpaka Baridi alipougua. Kiyoyozi cha mwisho alichokifunga kwa mikono yake kilikuwa cha chumbani kwao. Alipuliza mabomba mwenyewe, akajaza mwenyewe ile gesi ya zamani ambayo mafundi huiita ishirini na mbili, akakaa kitandani akaisikiliza mashine ikianza. Akafia katika ubaridi wake huohuo. Shangazi akaendelea kulala chumba kilekile, upande wake uleule wa kitanda.

Mimi si mtu wa mashetani. Nafanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Mashine zetu zinanong'ona kutwa nzima na hakuna hata moja iliyowahi kuniita jina. Kwa hiyo kiyoyozi cha Shangazi kilipoanza kutoa sauti, msimu ule wa joto kali, nilijua ni uzee. Kilisema fuuu, taratibu, kisha kikanyamaza. Ukimya ukarefuka mpaka ukadhani kimekufa. Halafu tena, fuuu.

Nilikuwa nikipita kwake kila alasiri nikitoka kazini. Siku moja nikamkuta amelala, nikakaa kwenye kiti na kapu langu mapajani. Mashine ikanyamaza. Nikawa namtazama Shangazi tu, bila sababu, kama unavyomtazama mtu uliyemzoea. Kifua chake kilishuka. Hakikupanda. Nikangoja. Nje mtu alikuwa anagonga bati, ndani hakuna kilichotikisika. Kisha juu ya ukuta ikaja fuuu, na kifua cha Shangazi kikapanda.

Nikasema ni mimi na uchovu wangu. Nikakaa tena, nikatazama kwa makusudi. Mashine ikikata, naye anakata. Mashine ikirudi, naye anarudi. Niliogopa, nasema wazi, mpaka mikono ikaniwia baridi katika kapu la mashuka yenye joto la pasi.

Jambo la pili lilikuwa taa. Juu ya meza ndogo, chini kabisa ya kiyoyozi, Shangazi alikuwa akiwasha mchana kweupe taa ya spiriti, kitu cha shaba chenye mwali mdogo wa bluu. Ilikuwa na mpira mwembamba wa kunyonya hewa, na mpira huo aliupandisha ukutani akaufunga kwa uzi kwenye pembe ya mashine. Niliikumbuka taa ile. Ilikaa kwenye mkoba wa kazi wa Baridi, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa.

Sasa kila mashine iliposema fuuu, muda si mrefu mwali ule wa bluu uligeuka kijani. Si kijani cha majani. Ni kile cha sarafu iliyozikwa ardhini. Ukuta mzima ulipakwa rangi hiyo, na picha ya Baridi pale ukutani ikawa na uso wa mtu aliye chini ya maji. Chumba kikajaa harufu kali ya kukereketa koo, Shangazi akakohoa usingizini, kisha mwali ukarudi kuwa bluu.

Alipoamka nikamuuliza, "Shangazi, taa mchana huu ya nini?"

"Ya Baridi."

"Najua ni ya Baridi. Mbona inabadilika rangi?"

Akanitazama kama aliyekuwa anangojea swali hilo na hakulipenda. "Ndivyo anavyoitika," akasema, akajifunika mpaka kidevuni.

Alikuwa amepungua. Ile sauti iliyowatia watu wazimu kwenye simu ilibaki uzi tu, na akipanda ngazi tatu za mlangoni alisimama akishika ukuta. Daktari alishamwambia mapafu yamechoka: asikae kwenye joto, asikae kwenye moshi. "Moshi gani?" nilimuuliza daktari kwa hasira. "Huyu hata mkaa hawashi." Daktari akasema basi joto, na kwamba joto la mwaka huu lingeweza kumwondoa. Nilirudi nyumbani na jambo moja kichwani: Shangazi bila kiyoyozi hafiki mvua za kwanza, na kiyoyozi chenyewe kiko taabani. Nikampigia Fundi Koleo.

Alikuja na mkoba wake, akavua viatu mlangoni.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Umekonda."

"Nilikonda zamani. Sasa nafifia."

Shangazi akacheka, akakohoa. Koleo akaingia chumbani akitabasamu bado, akainua uso kuitazama mashine, na wakati huohuo mashine ikashusha pumzi. Mwali ukageuka kijani. Tabasamu lilimtoka usoni kama limefutwa kwa kitambaa. Hakuuliza ruhusa, alivuka chumba, akaifunika taa kwa kifuniko chake, akafungua dirisha mpaka mwisho, akanishika mkono akatutoa mimi na Shangazi mpaka ukumbini.

"Umemzima," Shangazi akasema. Hakuwahi kumsemesha mtu kwa sauti ile. Kavu, ya chini, sauti ya mtu anayekata laini.

Koleo akakaa sakafuni mbele yake, magoti juu. "Shemeji, taa hii unajua ni ya nini?"

"Ya kutafutia mvujo. Nimeishi na fundi, sikuishi na muuza nazi. Gesi ikivuja ikaingia kwenye mpira, mwali unakuwa kijani."

"Kumbe unajua."

"Najua tangu hukuwa na mvi. Ile gesi aliitia yeye. Kila taa ikigeuka, najua bado hajaisha."

Nilidhani shangazi yangu anaona mizimu. Kumbe alikuwa akikaa na fundi wake kila siku na kumpima, akimwona anapungua. Hilo lilinitisha kuliko mizimu.

"Haya," Koleo akasema polepole. "Basi nikwambie usilolijua, maana hata Baridi alilichukulia mzaha. Gesi ile yenyewe haina makali. Lakini ikipita kwenye moto inageuka sumu. Ile harufu inayokereketa ndiyo hiyo. Sisi tuliwasha taa dakika moja, mlango wazi, tukazima. Wewe umefunga dirisha, unawasha kutwa, unalala chini yake. Shemeji, unaivuta."

Moshi wa daktari ulikuwa huo. Nilitaka kumtikisa Shangazi, nilitaka kulia, na kwa kuwa sikujua nianze na lipi nikasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," kwa ukali ambao haukumstahili.

"Na ile sauti?" nikamuuliza Koleo. "Ile ya kupumua?"

Akakuna kichwa. "Gesi ikipungua, mashine inapoa kupita kiasi. Ndani kuna kijibomba chembamba kama mshipa. Kama kuna unyevu, unaganda pale na kuziba. Ukiyeyuka, gesi inapita, fuuu. Unaganda tena." Akautazama mlango wa chumba. "Mabomba haya aliyapuliza yeye. Nilimwona. Nilimkemea siku hiyo pia."

Shangazi ndiye aliyesema.

"Kwa hiyo ni pumzi yake."

"Ni maji, shemeji."

"Maji yametoka wapi?"

Koleo, ambaye alibishana na marehemu maisha yake yote, akaanza kufunga na kufungua mkoba wake.

Niliona nisipoingilia tutakaa pale mpaka jua lizame. Nikasema mashine ibadilishwe, basi, leo ikiwezekana. La kuvunda halina ubani. Koleo akasema ndiyo, lakini kwanza Shangazi achague gesi, maana siku hizi mashine hufuata gesi yake na huwezi kuchanganya. Akaeleza kwa vidole. Kuna ile ya mia nne na kumi: haishiki moto, mafundi wengi wameizoea, ila inaitia dunia joto kupita kiasi na viwanda vimeanza kuiacha. Kuna ya thelathini na mbili: inapoza kwa umeme mdogo, madhara yake kwa hewa si makubwa kama ya ile, ila inaweza kushika moto, kwa shida lakini inaweza. Kuna na ya mia mbili na tisini, ambayo ni ndugu wa gesi ya jikoni iliyoondolewa harufu: hewa inaipenda, lakini inawaka kweli na inataka mashine yake maalumu.

Shangazi alisikiliza macho yamefumba. "Ipi kati ya hizo itaigeuza taa kijani?"

"Hakuna, shemeji. Kilicholeta ile rangi kimetolewa katika zote. Na taa haitawashwa tena humo, hata uchague ipi."

"Na ile ya zamani?"

Koleo akavuta pumzi. "Haiingizwi tena nchini. Ya uchochoroni ipo, ukiitafuta. Kuna vijana wanajaza chochote humo wakasema gesi ni gesi. Nikikwambia sijui pa kuipata nitakuwa naongopa."

Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya pili, maana niliona uso wa Shangazi umefunguka. Angejaza mashine ileile. Angewasha taa. Angelala chini ya ule mwanga akipumua kwa zamu na ukuta, na mimi siku moja ningekuja na kapu langu nikakuta vyote viwili vimekata. Nikasema, "Shangazi, nakuomba." Sikuwa na maneno mengine. Mwanamke huyu ndiye aliyenisuka nywele siku ya kwanza ya shule.

Chumbani mashine ilisema fuuu, na safari hii hakukuwa na taa ya kuijibu.

"Hapana," Shangazi akasema mwishowe. "Nikijaza ya uchochoroni, taa itageuka kijani kwa gesi ya mtu nisiyemjua. Nitakuwa naitikiwa na nani?" Akafumbua macho. "Shemeji, ile ya mia nne na kumi unasema inaachwa?"

"Inaachwa. Si leo, lakini inaachwa."

"Basi siitaki. Nitazeeka nayo halafu niambiwe haipatikani. Nimeshaachwa hivyo mara moja, sirudii. Nifungie ya thelathini na mbili."

"Inataka chumba kisicho na moto wazi."

"Moto si umeshauzima?"

Koleo akapima chumba kwa hatua zake ndefu, akaridhika kwamba mashine ndogo yenye gesi kidogo ingefaa, akapanga arudi nayo. Nilihamia kwa Shangazi mpaka siku hiyo, na tukalala ukumbini madirisha wazi. Taa niliificha mimi kwenye kapu la nguo chafu. Alijua ilipo, akaniacha nijifanye mjanja.

Siku ya kazi Koleo hakuikata mashine ovyo. Gesi ile haiachiwi hewani, alisema. Akaunganisha mtungi akaivuta yote iliyobaki. Mshale wa geji ulitikisika kidogo tu kisha ukalala.

"Ndiyo hiyo tu?" Shangazi akauliza.

"Ndiyo hiyo."

Akauwekea mtungi kiganja, kama unavyopima homa ya mtoto. Koleo akazima umeme. Akafungua maungio, akashusha sanduku la ndani, tukalilaza juu ya shuka kuukuu. Ukutani likabaki bomba la shaba, mdomo wazi, kwa urefu wa uso wa mtu. Koleo akaenda kuchukua spana mlangoni.

Shangazi akasogea kwenye bomba. Akaliwekea shavu karibu, kama alivyokuwa akisikiliza laini iliyokatika. Na pale nikaona kifua chake kimeshuka na hakipandi.

"Shangazi," nikasema.

Hakugeuka. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nikamshika bega, lilikuwa gumu kama ubao. "Shangazi, pumua." Nikamtikisa. Mashine haikuwa na umeme, haikuwa na gesi, hakukuwa na kitu chochote cha kumrudisha. Nikaita Koleo kwa sauti ambayo mpaka leo naionea aibu.

Bomba likapumua. Fuuu, taratibu, ndefu kuliko zote, na nywele za Shangazi zilizotoka kwenye kitambaa zikapeperuka juu ya sikio lake. Ilimpuliza shavuni. Nilisikia unyevu wake mimi mwenyewe, kwenye mkono niliomshikia.

Shangazi akavuta pumzi kwa nguvu kama mtu anayeibuka majini. "Haya," akaliambia bomba. "Nimesikia." Akarudi nyuma, akaketi kitandani.

Koleo alikuwa amesimama mlangoni na spana yake. "Ni barafu," akasema. "Kule nje jua limeiyeyusha, kilichobaki nyuma yake kimetoka." Alisema kweli, naamini alisema kweli. Lakini hakuingia chumbani mpaka dakika kadhaa zilipopita, na alipoingia alimsalimia Shangazi upya, kama mtu aliyekuta kuna mgeni.

Mabomba ya zamani yaling'olewa yote. Yale mapya Koleo aliyasafisha kwa nitrojeni. Kwa la mwisho alisimama akilitazama, akalisogeza karibu na mdomo wake, na kwa kitambo nilidhani atafanya. Akalishusha. "Angenicheka," akasema, akafungua mtungi. Kisha akawasha pampu ikavuta kila chembe ya hewa na unyevu mle ndani, ikavuta muda mrefu, mpaka pasibaki chochote cha mtu yeyote.

Mashine mpya haina sauti. Hilo ndilo lililonisumbua siku za mwanzo: unaingia chumbani, ubaridi upo, na huwezi kusema unatoka wapi. Kikohozi cha Shangazi kimepungua, sauti imeanza kunenepa. Taa ameiweka rafuni, kavu, haina spiriti, pamoja na kipande kifupi cha bomba la zamani alichomwomba Koleo amkatie. Sijamuuliza anakifanyia nini. Nimeona ncha yake moja inang'aa, kama kitu kinachoshikwa mara kwa mara.

Juzi alasiri nilipita kwake. Alikuwa amelala, nikakaa kwenye kiti, kapu mapajani. Kifua chake kilishuka. Nikatazama. Juu ukutani hakuna kilichosema kitu. Mtu wa bati alikuwa kimya pia. Nikaendelea kumtazama, na kifuani mwangu kitu kikaanza kuuma, na ndipo nilipogundua kwamba nami nilikuwa nimekata, tangu alipokata yeye.

"Pumua, mwanangu," akasema bila kufumbua macho. "Usinisubiri."